Wajina Wangu na Masikio Yake

Kwetu Ukambani, binti wa kwanza wa mwanao wa kiume huchukua jina lako. Si jambo la kuomba wala la kujadili. Unakaa, unamngojea mkaza mwana ajifungue, na akijifungua msichana unaanza kutembea kifua mbele, kwa sababu umezaliwa upya. Mwanao atamwita huyo binti yake "mwaitu", yaani mama yangu, maana ndiye mama yake sasa, nawe utamwita wajina na kumdekeza mpaka watu waseme unamharibu. Mimi nilikuwa nimengoja sana. Mwanangu alichelewa kuoa, akaoa, wakakaa, na miaka yote hiyo nilifunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua watakuambia si kazi ndogo kwangu.

Kwa hiyo siku aliponipigia simu kusema mke wake amejifungua hospitalini Machakos, na ni msichana, nilipiga vigelegele nikiwa katikati ya mbaazi zangu, na nadhani nusu ya kijiji chetu cha Kola ilisikia. Nina sauti kubwa. Kwaya ya kanisa hunisimamisha mstari wa nyuma kabisa na bado wa mbele hulalamika.

Halafu akasema, "Lakini usikuje saa hii, mwaitu. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu. Tutakuambia."

Nikangoja. Nilikuwa nimeshasagisha wimbi kwa ajili ya uji wa mzazi na nimeshamchagua jogoo. Siku ya kumpa mtoto jina ikafika na kupita, simu kimya. Hapo nikajua, au nilidhani najua: mwanangu ameshindwa nguvu nyumbani kwake, na jina limekwenda kwa mama mzaa mkewe. Nililala na hasira, nikaamka nayo. Nikavaa nguo ya Jumapili ingawa ilikuwa katikati ya juma, nikapika uji, nikautia kwenye thamosi, nikaenda mjini kuuliza jina langu liko wapi.

Mwanangu alikuwa kwenye korido. Aliponiona alikuja akasimama mlangoni mwa wodi kama askari wa benki.

"Mwaitu, si nilikuambia ungoje?"

"Nimengoja. Nipishe."

Akanipisha. Mke wake alikuwa ameketi kitandani, ametazama ukuta, mtoto mapajani amefunikwa shali mpaka juu ya uso. Nilimsalimu, akaitikia kwa sauti ndogo. Nikanyoosha mikono, kama kila nyanya anyooshavyo, na yeye akaivuta ile shali karibu zaidi. Tukatazamana. Kisha akaniachia mtoto, akafumba macho.

Nikaifunua. Sitadanganya, nilishtuka. Macho yake yalikuwa yameteremka chini upande wa nje. Mashavu hayakuwa na mfupa wa kuyainua. Kidevu kilikuwa kidogo mno na kimerudi nyuma, na pale pa masikio palikuwa na vinyama viwili vilivyojikunja kama kunde zinazoanza kuchipua, bila tundu lolote. Alikuwa amelala, anapumua kwa mkoromo mdogo.

Sisi tukimwona mtoto mchanga, neno la kwanza ni kusema amefanana na nani. Ndiyo heshima yake ya kwanza hapa duniani, kuambiwa ni wa nani. Nilifungua mdomo na sikuwa na kitu cha kusema. Nikatafuta usoni mwote, sikupata. Nikatoa mkono wake mmoja kwenye nguo nikaufungua kiganja, na hapo nikaviona vile vidole virefu, na kile kidole cha mwisho kilichopinda, nikavitambua.

"Vidole ni vya babu yake," nikasema. "Vyenyewe kabisa."

Mkaza mwana wangu akaanza kulia. Tangu ajifungue, kila aliyemwangalia mtoto wake alikuwa amemwambia kuna kasoro gani. Hakuna aliyekuwa amemwambia amefanana na nani.

Daktari alikuja baadaye kidogo, msichana mdogo mwenye miwani na subira. Alitueleza kwamba mifupa ya uso haikukua sawasawa mtoto akiwa tumboni, kwamba ni jambo la nadra, kwamba si laana wala si kitu alichokula mama yake, na kwamba akili yake inaweza kuwa nzuri kama ya mtoto mwingine yeyote. Alitaja jina la ugonjwa wenyewe, jina refu la Kizungu.

"Hata ugonjwa uko na jina," nikamwambia, "na mtoto hana."

Hakujua kama ni utani, akaendelea. Alitufundisha kumlaza kifudifudi au kwa ubavu, kwa sababu kidevu kile kidogo kiliusukuma ulimi nyuma ukaziba hewa, na akatuonyesha jinsi ya kumlisha maziwa ya mama yake kwa kijiko. Mwisho akafika kwenye masikio. "Tundu hazikufunguka," akasema. "Sikio la ndani, lile lenye kusikia, huenda liko sawa, huenda haliko. Hatuwezi kujua mpaka apimwe Nairobi, akikua kidogo."

Alipotoka, mwanangu akasafisha koo. "Mwaitu, ile jina. Tumeongea sisi wawili, tunaona tumpe ingine."

"Ingine ya nani? Ya mama mkwe wako?"

"Hapana. Ya Biblia tu."

"Kwani yangu iko na nini?"

Akatazama sakafu. Mke wake ndiye aliyejibu. "Mama, watu wataongea. Watasema tumechukua jina yako tukaweka kwa mtoto kama huyu, na wewe uko hai. Hatukutaka upate aibu."

Hasira niliyotoka nayo Kola ikakosa pa kukaa. Nilikuja kugombana na watoto wangu, kumbe walikuwa wananikinga mimi. Lakini hasira yangu haina tabia ya kupotea hivihivi. Ikifukuzwa hapa huhamia pale, na siku hiyo ilihamia kwa hao watu wa kuongea.

"Hiyo jina ilikuwa ya susu yangu," nikawaambia, na susu kwetu ni nyanya. "Susu alikuwa na makengeza, na mkali kuliko nyigu. Hakuna mtu aliuliza kama macho yake inatosha jina. Huyu ni wajina wangu. Mwenye kutaka kuongea akuje aongee na mimi."

Nikainama pale penye kikunde cha sikio, nikamwita kwa jina lake. Hakutikisika. Nikaita tena kwa sauti yangu ya kwaya. Mama wa kitanda cha pili aliruka akamwaga chai. Wajina wangu akapiga miayo. Mwanangu alijifunika uso kwa mikono, nami nikaona kile nilichokuwa nimekifanya: nimempa jina mtu ambaye labda hataitwa nalo hata siku moja akalisikia. Sikulirudisha. Lakini nilikwenda nalo nyumbani kifuani, na lilikuwa zito.

Walipotoka hospitalini, mkaza mwana na mtoto walikuja kukaa kwangu, kwa sababu kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Mama anakamua, mimi namshika mtoto wima, kijiko kinakwenda polepole asije akapaliwa, na mlo mmoja huchukua muda wa mahubiri ya Pasaka. Ukimaliza kufuta kidevu, wakati wa mlo mwingine umefika. Lakini alikula. Mapaja yakaanza kujaa, ule mkoromo ukapungua, na nesi wa kliniki ya Machakos alipomweka kwenye mizani alitikisa kichwa kwa furaha. Hofu ya kumpoteza ikatutoka taratibu. Ile ya masikio ikabaki, na kwa sababu ilibaki peke yake ikapata nafasi ya kunenepa.

Mkaza mwana wangu ni mwalimu wa chekechea. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kuimba akiosha vyombo na kuvisemesha vyombo vyenyewe. Sasa alimlisha mwanawe kimya. Akamwogesha kimya, akambadilisha nguo kimya, na midomo imefungwa.

"Mbona huongei na mtoto?" nilimwuliza siku moja.

"Nitamwambia nini, mama? Na hasikii."

"Hujui kama hasikii."

"Na sijui kama anasikia."

Yale masikio nilikuwa nimeyazoea, hata kuyabusu. Kile kimya cha mama yake sikukizoea, na kiliniuma kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile.

Wageni walikuja na unga na sukari, na kila mmoja alijifanya daktari. Huyu anapiga makofi, yule anatikisa funguo, mwingine anaweka mlio wa simu karibu na kichwa. Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, ndiye aliyepita mpaka. Aliingia jikoni bila kuuliza, akatoka na mfuniko wa sufuria na mwiko, akasimama nyuma ya mtoto akaupiga kwa nguvu zake zote. Kuku aliyekuwa akiatamia kwenye kikapu aliruka akayaacha mayai. Mbwa alikimbilia kwenye matuta ya shamba. Mtoto akaendelea kulala. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.

"Maskini," wifi akasema. "Huyu ni kiziwi."

"Hujafa hujaumbika," nikamwambia, nikamnyang'anya mfuniko. Chai yake aliinywa haraka siku hiyo.

Lakini hata mimi nilimpima, kwa siri. Kuna asubuhi niliyoapa kwamba aligeuza kichwa jogoo alipowika. Nikarudia kumchunguza kesho yake, nikaona ni mlango uliofunguliwa, mwanga umeingia, naye ameufuata mwanga. Ilinichukua siku nzima kumeza uchungu wa jambo lile dogo.

Shingo yake ilipokaza, kliniki walisema anapumua vizuri na anaweza kubebwa mgongoni. Nilikuwa nikiingojea ruhusa hiyo, kwa sababu mbaazi zilikuwa zimevunwa na kazi ilinisubiri. Nikamfunga kwa leso, shavu na paji la uso vikakaa juu ya mgongo wangu, nikaketi uani kupeta. Na mimi nikipeta huimba. Nikaimba wimbo wa kanisani mpaka pumzi ikaniishia, nikanyamaza nipumzike, na mtoto akaanza kujinyonganyonga na kunipiga mateke ya mbavu. Nikaimba ubeti wa pili, akatulia. Nikanyamaza, mateke yakarudi.

Nikafikiri ni ungo, ule mtikiso wa kupeta ndio unaombembeleza. Nikauweka chini. Nikasimama wima, sitikisiki, nikaimba. Akatulia kabisa, na nilisikia uso wake umejibana mgongoni mwangu. Nikanyamaza nikiwa vilevile, sijasogea. Teke. Nikaimba. Kimya. Nilirudia tena na tena, kisha nikakaa juu ya gunia na wimbo ukanikatikia mdomoni, na nikapigwa teke kwa hilo pia.

Nilimwita mama yake. Nikamweleza yote huku nikihema. "Mfunge wewe," nikasema, "uimbe utaona."

Alisimama akiikamata fremu ya mlango. "Mama, nakuomba. Usinipe tumaini halafu nije kunyang'anywa. Ile siku ya jogoo nilikuona. Ulifikiri sikuoni, lakini nilikuona."

Akarudi ndani. Mimi si mtu wa kuachia jambo njiani, lakini hilo niliachia. Sikuwa na uhakika wa kutosha kumshinda nao. Nikaendelea peke yangu na abiria wangu. Niliimba nyimbo zote za kanisa ninazozijua, na zilipokwisha nikamsomea bei za sokoni, nikawagombeza mbuzi, nikamsimulia ubaya wa wifi yangu kuanzia ujana wake. Yote aliyapokea kwa heshima ileile, shavu limelala mgongoni. Kila nilipomfungua na kumweka mbele yangu nikaongea, alinitazama tu kama mtu anayetazama dirisha la gari linalopita.

Siku ya Nairobi tulikwenda na gari la jirani. Mwanangu aliketi mbele, sisi watatu nyuma, na tangu Katelembo, karibu na kwetu, mpaka Nairobi hakuna aliyesema neno isipokuwa jirani, ambaye alitueleza habari za gurudumu lake. Nilimshukuru moyoni.

Mpimaji wa masikio alikuwa mama wa makamo mwenye maneno ya polepole. Mtoto alipolala baada ya kula, alimbandika nyaya ndogo kichwani. Kwanza akapeleka sauti kwa njia ya kawaida, pale ambapo tundu lingekuwa. Mistari kwenye kompyuta ikabaki imelala mpaka sauti ilipopandishwa sana. Mwanangu alikuwa ameushika mkono wa mke wake. Kisha yule mama akachukua kitu kidogo chenye kutetema, akakibana kwenye mfupa nyuma ya kile kikunde, akaanza tena. Mistari ikainuka. Akapunguza sauti, ikainuka. Akapunguza tena.

Akatugeukia. "Mtoto wenu ako na sikio la ndani, na linafanya kazi vizuri. Ni nyumba mlango umekwama, lakini mwenyewe yuko ndani, hajalala."

Mwanangu alitoka nje, na tukamsikia akipenga kamasi kwenye korido. Mimi nililia palepale, kwa sauti yangu ileile, wala sikumwomba mtu radhi. Nilivuta pumzi ikaenda mpaka chini, mahali ambapo haikuwa imefika tangu siku ile ya wodini. Nilipoweza kusema, nilimweleza yule mama habari ya mbaazi na mateke.

"Ni kweli, susu," akasema. "Sauti hupita kwenye mfupa pia. Ukiimba, mgongo wako unatetema, na yeye ameweka kichwa hapo. Amekuwa akikusikia."

"Na hao wengine?"

"Wengine wakiwa mbali, hasikii. Ni lazima amguse mtu."

Mkaza mwana wangu alikuwa anaukumbuka ule mfuniko wa sufuria, ule ukimya wake mwenyewe, na siku zote hizo, na nadhani alikuwa anavipanga upya kichwani.

Yule mama alitueleza pia kwamba safari ni ndefu. Kidevu kitahitaji upasuaji akikua, na masikio ya nje yatatengenezwa akiwa mkubwa, kama yeye mwenyewe atataka. Lakini kusikia hakuna haja ya kungoja. Akatoa utepe wa kitambaa, kama zile wanazovaa wasichana wadogo kichwani siku ya kubatizwa, wenye kijisanduku kidogo kilichoshonewa upande mmoja. Kijisanduku kinakamata sauti za hewani na kuzipeleka kwenye mfupa. Hicho kilikuwa cha kujaribia tu, chake kingekuja baadaye.

Mtoto aliamka na kuanza kulia, kwa hiyo nikamfunga mgongoni nikamwimbia kidogo akatulia. Yule mama akamvika utepe akiwa hapohapo, akabonyeza, akaweka kidole mdomoni mwake kuniashiria ninyamaze. Nikanyamaza. Mateke hayakuja, kana kwamba anasikiliza sauti za chumba.

"Sasa aongee mtu aliye mbali," akasema. "Mtu ambaye hajamgusa."

Sote tukamtazama mama yake, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Mwalimu wa chekechea, mtu wa kuimbia watoto wa wenzake kutwa. Akatuangalia mmoja mmoja, machozi yamejaa.

"Niseme nini?" akauliza.

Mgongoni mwangu kichwa kikainuka. Sikuweza kumwona uso, lakini nilisikia shavu likiniondoka, na pale lilipokuwa pakabaki baridi. Viganja viwili vikanisukuma mabegani. Uzito wake wote ukahamia upande wa mlango, kwa nguvu, mpaka ikanibidi nisogeze mguu nisiyumbe.

"Umeshasema," yule mama akamwambia taratibu. "Endelea."

Mkaza mwana wangu alikuwa ameweka mkono kifuani. "Ni mimi," akamwambia mwanawe, akimwita kama niitwavyo mimi. "Ni mimi, susu. Ndio mimi nilikuwa nakupatia maziwa. Ni mimi."

Mtoto akapiga kelele, si ya kilio, na akaanza kupanda mgongo wangu kwa magoti amfikie. Nikafungua leso, nikampa mama yake.